Swali Lako Juu ya Bolumbu

Seya, mama yangu,

Katika Kamina yote, kuanzia gare ya gari moshi mpaka Base ya wanajeshi, hakuna mwanaume aliyezaliwa na bahati kama yangu: tangu nipate akili sijawahi kumwonea mtu wivu, hata siku moja, hata robo ya siku. Wengine wakiona jirani amenunua baiskeli mpya, usingizi unawakimbia. Mimi nalala. Mwenzangu akipata, nampongeza, nakula naye, na mara nyingine nakula zaidi yake. Hiyo ni zawadi, mama, wala hainunuliwi. Nilitaka uijue kabla hujapanda gari moshi kesho, ili huko Lubumbashi wakikuuliza papa yako ni mtu wa namna gani, usikose la kujibu.

Mambo ya safari sitayagusa. Jinsi ya kufunga mizigo, nani akushikie nafasi ndani ya vago, samaki wa Bukama wa kununua dirishani na yule wa kumwachia mwenyewe muuzaji, hayo yote mama yako amekuambia, na atakuambia tena gari moshi likiwa limeshaanza kutembea. Mimi nimeshika kalamu ya bic kwa sababu ya swali lako.

Juzi nilipokuwa napaka viatu vyangu rangi, ulikuja ukachuchumaa karibu yangu, ukaniuliza polepole, "Papa, kule Lubumbashi, nyumbani kwa Bolumbu, nitamuita yaya, dada yangu mkubwa, kama siku zote, ao nitamuita mama?" Na mimi nikakujibu, "Muite citoyenne, mwananchi, serikali itafurahi." Ukacheka. Lakini kilikuwa kicheko cha heshima. Nakijua kicheko cha heshima, mama, maana nimekula kwa kazi ya kuchekesha miaka mingi. Ukasimama, ukaenda kuanua nguo, na swali likabaki pale chini, karibu na viatu.

Basi nitakujibu. Ila nitapita njia ndefu, unanijua. Na ninaandika Kiswahili cha mapadri, kile walichonifundisha mpaka mwaka wa nne, kabla sijaona kwamba shule imenijua vya kutosha. Kikiteleza kikawa cha nyumbani, usisahihishe.

Kisa chenyewe unakijua kwa mdomo wa mama yako. Kamina yote inakijua. Sasa kisikie kwa mdomo wa mwenye mdomo.

Kabla hujazaliwa, nilikuwa mdomo wa sinema. Wakati ule serikali ilichukua maduka ya wageni ikawapa wananchi, na mfanyabiashara mmoja, Mukalay, akapata duka la Mreno. Ndani alikuta chumvi, misumari, na mashine ya sinema yenye filamu zake ndani ya masanduku ya bati. Alitundika shuka ukutani kwenye depo lake la mizigo, akapanga mabenchi, akawasha grupu ya umeme. Lakini zile filamu zilisema lugha ambazo hata mbuzi wa misioni hakuzijua. Akamwita mwalimu azieleze. Mwalimu akaeleza kweli tupu, watu wakalala. Ndipo akaniita mimi.

Mimi sikusikia neno hata moja la wale wazungu, na ndiyo maana nilieleza vizuri. Yule wa farasi na kofia nilimpa jina la Banza, ng'ombe wake wameibwa wakapelekwa Malemba-Nkulu. Yule mwenye sharubu alikuwa shemeji yake, mlevi wa lutuku, anayekataa kurudisha mahari. Filamu zilikuwa zilezile kila juma, lakini maneno yalikuwa mapya, na watu walilipa kusikia wiki hii shemeji amefanya nini. Nikipita sokoni, watoto walinifuata wakiita, "Mudomo! Mudomo!" Wanajeshi wa Base walikuja na bibi zao. Hata chef wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, alikuwa na benchi lake. Mtu wa hivyo, niambie, angemwonea nani wivu?

Tatizo lilikuwa filamu ya mwisho. Kila Jumamosi, baada ya farasi, Mukalay alionyesha ile aliyoiita ya wakubwa. Wakubwa wenyewe walikuwa batoto wa shule ya msingi, macho kwenye matundu ya misumari ya bati. Sitakueleza filamu ile. Niliieleza vya kutosha wakati ule, na mengine niliongeza mwenyewe.

Mwaka uleule alikufa msichana wa kartie yetu, mwanafunzi. Wazazi walisema malaria. Lakini bamama waliomwosha walijua. Kulikuwa na mtu mmoja kwenye njia ya Base, muuza mizizi na sindano, aliyetoa mimba kwa siri nyuma ya nyumba yake. Sheria ilikataza, lakini sheria ilikaa mbali na yule mtu alikaa karibu. Mama yako, Mama Monga wa kartie yote, alikuwa mmoja wa wale waliomwosha. Alirudi nyumbani akakaa mlangoni na mikono yenye maji, hakuipangusa, ikakauka yenyewe.

Basi bamama wa shirika lao pale parokia wakaanza kazi, wao pamoja na kateshiste Numbi, mwalimu wa dini. Numbi unamjua, sasa anatembea kwa magongo. Wakati ule alikuwa kijana wa shati jeupe, miwani, na sauti iliyopita shule zote ambazo mimi nilizikimbia. Nasema hivyo kwa ukweli tu, siyo kwa kitu kingine.

Walianza vibaya. Numbi alisimama kanisani akawapiga wasichana kwa maneno mpaka mabenchi yakaona haya. Bamama walikwenda wakiimba chini ya madirisha ya nyumba walizozishuku. Na miezi ile, mama, njia ya kwenda kwa yule mtu wa mizizi ilizidi kuota nyayo. Ni mama yako aliyeliona. Mkutano wao ulikuwa kwetu siku ile, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nimetulia tu, sisikilizi. Aliongea kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba chumvi, "Kama batoto banatuogopa siye kupita ule mutu wa mizizi, basi siye njo tunabatuma kwake."

Nikachungulia. Hata Numbi alivua miwani.

Kuanzia hapo walibadilisha. Walikubaliana kwamba msichana yeyote mwenye shida anaweza kugonga kwa mama yeyote wa shirika, na sheria ilikuwa moja: hakuna kuuliza mbele ya kula. Anapewa bukari ya moto na mboga ya sombe, anakula mpaka mwisho, ananawa. Kama baada ya hapo ataongea, ataongea. Kama hataongea, kuna mkeka. Jina lake halitoki nje ya mlango.

Na kwa sinema wakaja na vitenge.

Jumamosi moja waliingia, wamelipa tiketi kama watu wote, wakakaa benchi la mbele, na Numbi katikati yao. Farasi walipokimbia, walicheka na wenzao. Ilipoanza filamu ya wakubwa, mama yako na mwenzake wakasimama, wakafungua kitenge cha mama yako, kile cha kuku na vifaranga, wakakinyoosha mbele ya shuka kama wanaanika. Depo lote likapiga kelele. Halafu kelele ikageuka kicheko, kicheko cha kuangusha bati. Kwa maana wao walitazama upande wetu, hawakuona nyuma yao. Picha haikufunikwa. Ilihamia kwenye kitenge. Yule mzungu na bibi yake walikuwa wanakumbatiana juu ya kuku na vifaranga, na kila kitenge kilipotikisika, kuku nao waliingia ndani ya mambo.

Na mimi nilieleza, mama. Nilieleza mpaka jasho. Ile siku nilikuwa mkubwa kuliko gavana.

Nilidhani hawatarudi. Wakarudi Jumamosi iliyofuata, na safari hii hawakukaa mbele. Walikaa nyuma, karibu na mashine, na ilipofika saa ya ile filamu walikitundika kitenge mbele ya taa yenyewe. Giza. Picha haifunikwi upande wa ukuta, inafunikwa upande wa taa. Walijifunza hilo kwa juma moja tu. Nikabaki nimesimama na fimbo yangu ya kuonyeshea picha, nina mdomo na sina cha kueleza. Nikajaribu mzaha gizani, ukaanguka. Ndipo bamama wakaanza kuimba, nyimbo za kawaida, za kutwanga na za harusi, sauti tatu tatu, na depo likajibu. Hata wanajeshi walijibu. Jumamosi zilizofuata watu walikuja wakiuliza, "Bamama watafunika leo?" Watu hawakuuliza Mudomo atasema nini. Usidhani liliniuma. Nilishangaa tu kwamba watu wa Kamina wanaweza kuacha kipaji wakafuata kwaya.

Chef wa kartie alikuja na kijana wa chama, maana wakati ule mkutano bila ruhusa ulikuwa kesi. Akasimama mbele yao. "Nani alibapa ruhusa ya mukutano?"

"Hatuna mukutano, Papa Chef," mama yako alijibu. "Tuko na tiketi."

Chef alitazama tiketi, akatazama kuku na vifaranga, akaenda kukaa kwenye benchi lake. Baada ya miezi Mukalay mwenyewe alikubali: batoto watoke baada ya farasi, matundu ya bati yazibwe, filamu mpya ikija bamama waione kwanza mchana. Numbi aliandika sheria hizo mlangoni kwa chokaa, herufi nzuri, zimenyooka. Watu walizisifu zile herufi.

Jioni za mikutano Numbi alimsindikiza mama yako mpaka nyumbani, akimbebea taa. Siku moja nilimuuliza mama yako, bila ubaya wowote, "Huyu kateshiste hana nyumba?"

"Iko nayo."

"Basi juu ya nini kila siku anabeba taa yetu?"

"Juu weye haubebake," alisema, akaingia kulala.

Nilikaa nje na neno lile mpaka umande ukashuka. Hebu nisiseme tena kwamba halikuwa kitu. Nipite tu.

Kabla ya zile sheria za mlangoni ndipo akaja Bolumbu. Nilirudi nyumbani nikamkuta jikoni, msichana mwembamba, anakula bila kuinua macho. Mama yako akasema ni mugeni. Nikanawa nikakaa, sheria niliijua. Lakini nilimjua pia yule msichana. Alikuwa binti wa adjudant, mkubwa mmoja wa wanajeshi wa Base, watu wa mkoa wa Equateur, familia iliyokuja na jeshi. Nilimwona mara nyingi kwenye sinema na mama yake, kabla mama yake hajafa. Alilala kwenye chumba cha unga nyuma ya jiko, na adjudant alimtafuta kwa jamaa zake wote akidhani amepanda gari moshi.

Sikumwambia mtu. Wiki nzima sikumwambia mtu, na kwa mdomo wangu hiyo ni miaka. Mpaka Jumamosi. Depo limejaa. Bamama wako nyuma na kitenge chao, na mama yako amekaa karibu na Numbi, ananong'ona naye kitu, na anacheka. Mama, mama yako ana kicheko kimoja cha kuficha mdomo kwa mkono, unakijua. Kile kicheko nilidhani nakimiliki mimi.

Kwenye shuka mwanamke mmoja alikuwa anamkimbia mwanaume. Nikainua fimbo yangu, nikampa maneno. Nilimfanya aseme, "Musinifunike na kitenge, bamama. Munifiche mu jikoni ya Mama Monga, kama ule mutoto ya adjudant."

Watu walicheka. Walicheka hasa, kama zamani, na kwa muda wa pumzi moja nilikuwa Mudomo tena. Kisha kicheko kikaisha kutoka nyuma kuja mbele, benchi kwa benchi, kwa sababu wanajeshi walikuwa hawacheki. Nilimtazama mama yako. Alikuwa anakunja kitenge.

Kesho yake asubuhi batoto waliimba maneno yangu kwenye robine ya maji. Bolumbu aliyasikia akiwa na ndoo kichwani. Mama yako alipotoka misa alikuta ndoo mlangoni, chungu hakijaguswa, na chumba cha unga kitupu. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alitoka na Numbi upande wa gare, wakidhani ameshika njia ya Bukama. Mimi nilichukua baiskeli nikaenda upande mwingine, kwa sababu nilijua kitu ambacho watu wa kanisa hawakukijua: msichana aliyekwisha kuimbwa na batoto hatafuti gari moshi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya yule mtu wa mizizi, kwenye kibao kidogo, anangojea. Ndani kulikuwa na moshi na chuma kikigongana na sufuria. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imelala kama ya mtoto wa shule anayengoja kuchapwa.

Mimi, niliyewasemea wazungu wote wa Mreno, maneno yakaniishia. Nilisimama na baiskeli. Nilitafuta neno la kanisa, sikuwa nalo. Nilitafuta mzaha, nao ndio uliomleta pale. Mwisho nikasema lililokuwa karibu, "Mama anasema bukari inapoa."

Aliinua macho. "Utaniuliza kitu, Papa?"

"Mbele ya kula hatuulizake."

Yule mtu alitokea mlangoni akifuta mikono, akaniuliza mimi ni nani yake. Sikumjibu, kwa sababu Bolumbu alikuwa amesimama. Sikumshika mkono, sikumvuta. Kumbuka hilo, Seya: aliinuka mwenyewe kwenye kile kibao. Akakaa nyuma ya baiskeli, na njia nzima nilihisi paji la uso wake kwenye mgongo wangu.

Adjudant alifika kwetu Bolumbu akiwa bado anakula. Mama yako, Numbi na bamama wengine walikuwa wamesharudi, na mama yako alisimama mlangoni, kiuno kimefungwa.

"Mutoto wangu iko wapi?"

"Iko anakula. Ngojea amalize."

"Nani alimuficha, na nani akamutangaza mbele ya kompani yangu?"

Mimi nilikuwa karibu na mtungi wa maji. Kutoka mtungi mpaka mlangoni ni karibu, mama, umecheza pale miaka yako yote. Nilivuta pumzi nipange namna ya kuanza. Na kabla sijapanga, Numbi alitoka mbele akasema, "Ni mimi." Kwa yote mawili. Kofi likalia. Miwani ikaanguka mchangani. Na mama yako akainama, akaiokota, akaipangusa kwa ncha ya kitenge chake, kioo kimoja na kioo kingine, taratibu, akamrudishia usoni kwa mikono yake.

Lile kofi lilikuwa langu. Kwa haki lilikuwa langu, na mtu mwingine alilipokea, na akapanguswa miwani. Kuna usiku naamka nikilidai.

Adjudant mwenyewe alichoka. Mama yako alimsogezea kiti na sahani, akamwambia sheria ya nyumba ni moja kwa wote. Alikaa na mikono juu ya kofia yake, anamsikia binti yake akitafuna jikoni. Mwisho akala. Baada ya kula wakaongea, baba na mtoto, na sisi tukatoka nje. Ilikubaliwa abaki kwetu mpaka azae. Yule mtu wa mizizi alihama wakati bamama walipoanza kuweka viti vyao mbele ya nyumba yake kila asubuhi na kumenya mihogo pale, bila kusema neno. Alihama, hakufungwa. Yuko mahali.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho mama yako hakukuambia, kwa sababu hakijui.

Ulipozaliwa, adjudant alikuwa amepewa amri ya kuhama na kikosi chake. Bolumbu alikuwa mtoto mwenyewe. Alipaswa kwenda naye, na wewe ubaki kwa mama yako mpaka mambo yatulie. Jina ndilo lililobaki. Aliyempa mimba alikuwa amekimbia hata jina lake mwenyewe. Siku ile Numbi alikuja amenyoosha shati, na nikajua kwa jinsi alivyosafisha koo kwamba amechagua jina la mtakatifu, moja ya yale ambayo serikali ilikataa karatasini na kanisa likayatunza kimyakimya. Mama yako alikuwa amekushika, amemtazama Numbi, anangojea. Nikaona maisha yote yaliyobaki: nyumba yangu, bukari yangu, na ndani yake mtoto wa Numbi.

Hajafungua kinywa, nikasema, "Seya."

Mama yako akageuka. "Jina ya mama yako?"

"Ya mama yangu."

Wote walielewa. Kwetu ukimpa mtoto jina la mama yako, mama yako amerudi. Huwezi kumpiga, huwezi kumfukuza, na ukimtuma maji unamwomba. Hakuna atakayesema tena kwamba ni mtoto wa kuokota. Bolumbu alilia. Bamama wakapiga vigelegele, Numbi akanishika mkono kwa mikono yake miwili, wakasema Mudomo ana moyo mkubwa kweli.

Haukuwa moyo. Nilikupa jina ili Numbi asikupe. Moyo ulikuja nyuma, kwa miguu, kama mtu aliyekosa gari moshi. Ulinifikia siku uliposimama kwa kushika suruali yangu. Nikaangalia chini nikaona mama yangu ananitazama na kamasi puani, nikaona nimepona. Sinema ilikufa, grupu iliibwa, Mukalay alirudi kuuza chumvi, nami sikujali, nilikuwa na mtu mmoja wa kumchekesha na alicheka na meno yake mawili.

Shule ya Lubumbashi ikiisha, utakuwa muuguzi. Watakuja kwako wasichana wenye mikono iliyolala juu ya magoti. Mama yako atakupa sala zake na ni sala nzuri, ziliokoa watu. Mimi sina ya kukupa zaidi ya kibao kile na chungu kile. Uliza kama amekula. Na wenzako wakimcheka mtu, na wewe una neno tamu tayari ulimini, neno ambalo litafanya chumba kizima kikupende, tazama kwanza nani hacheki. Huko kila nyumba ina televisheni sasa, watakucheka wewe uliyelelewa na mama wa kitenge. Waeleze habari ya kuku na vifaranga kabla hawajakucheka, utawashinda. Hiyo ni siri ya kazi yangu.

Sasa ile Pasaka iliyopita. Bolumbu alikuja na viatu vyako. Vyeusi, vya kamba. Ulivivaa ukatembea mpaka mlangoni na kurudi, na vilikukaa kama vimezaliwa na wewe. Miaka yote hii nimekununulia viatu, Seya, na vyote vilikubana ao vilipwaya, na ulivivaa bila kusema. Yeye aliyekuona mara chache, siku za likizo, alijua mguu wako. Akatazama chini akasema, "Ni mguu wangu." Nyinyi mkacheka. Mimi nikatoka kwenda kutazama kuku.

Ndiyo sababu juzi nilikujibu kwa citoyenne.

Jibu lenyewe ni hili. Muite mama. Muite ndani ya nyumba na mbele ya watu, na usimwite kwa sauti ndogo. Aliinuka kwenye kile kibao kwa miguu yake, mguu huohuo unaofanana na wako. Mimi nilisema tu kwamba chakula kinapoa. Mama yako wa hapa amekubali tangu Pasaka. Aliyechelewa ni mimi. Ukimwita hivyo mara ya kwanza, usiniandikie uso wake ulikuwaje. Mengine yote niandikie.

Na kesho kwenye gare, Numbi akija na magongo yake kukuaga, mwache akubebee hata kikapu kidogo. Mimi nitabeba taa.

Yale niliyoandika juu, kwamba sijawahi kumwonea mtu wivu hata robo ya siku, ni uongo. Nimemwonea Numbi maisha yangu yote, na Bolumbu namwonea sasa hivi, ninapoandika. Bahati ile sina.

Papa yako